Bi Moshi na Mikebe Inayong'aa

Kila asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba Bi Moshi ameamka. Moshi ulitoka kwenye tanuri lake la kuni, ukaruka ukuta, ukaingia kwa majirani bila hodi.

Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lakini aliuza mikate ya kuokwa kwa kuni, na mtaa ukishakupa jina, utamrudishia nani? Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Mteja akiuliza kama mkate upo, alijibiwa kwanza kwa kikohozi.

Mume wake alikuwa amefariki. Alibaki na watoto wake na mama mkwe. Duka lile dogo la mikate ndilo lililowalisha wote.

Mama mkwe alikuwa mtu wa usafi. Kila jioni alichukua mikebe ya kuokea mikate, akaisugua kwa mchanga na jivu mpaka masizi yote yakatoka. Mkebe ukitoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama ukachana nywele.

"Sitaki watu waseme nyumba hii ina wanawake wachafu," alisema. Na hakuna aliyethubutu kusema.

Jirani yao wa karibu alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni ya maharusi, meupe pe. Siku moja bibi harusi alivaa gauni linalonuka moshi. Bwana harusi alipiga chafya mpaka wageni wakadhani analia, amebadili nia. Fundi cherehani hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuja, akasimama mlangoni, akajifuta macho kwa leso.

"Mwanangu," alimwambia Bi Moshi, "mkate wako naula na sina neno nao. Ila huu moshi basi. Mwisho wa mwezi nitakuja. Nikiukuta, chumba nampa muuza soda."

Bi Moshi akakaa juu ya gunia la unga.

Mtaa wa pili palikuwa na mkahawa wa mama mmoja aliyepika kwa jua. Watu walimwita Shangazi Kioo, kwa sababu ya vioo vya majiko yake. Zamani Bi Moshi alikuwa akimcheka. Alisema yule mama hapiki, anaomba mawingu yaondoke. Sasa alikwenda kwake, ameinamisha kichwa.

"Karibu," alisema Shangazi Kioo. "Umekuja kucheka au kujifunza? Kucheka ni bure. Ukija kujifunza, utaosha vyombo."

Bi Moshi aliosha vyombo. Kisha Shangazi akamwonyesha sanduku kubwa la mbao. Kuta zake zilikuwa mbili, na katikati zimejazwa maranda makavu ili joto lisitoke. Ndani palipakwa rangi nyeusi. Juu palifunikwa kwa kioo, nacho ndicho kilikuwa mlango wake. Pembeni palisimama mabati yanayong'aa, ya kulirudisha jua ndani ya sanduku. Alieleza kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua, mwanga hugeuka joto, na joto likishaingia halipati njia ya kutoka. Alimwonya pia asitazame mabati yale moja kwa moja jua linapowaka, na asiguse kitu bila kitambaa kinene.

"Nilijenga sanduku jipya," alisema. "Hili la zamani lichukue. Lijaribu."

Kesho yake Bi Moshi alifanya kama alivyozoea. Alikanda unga mapema, ukaumuka, akauingiza kwenye sanduku jua likiwa bado linapiga miayo. Kila mara alifungua kuchungulia, kama alivyozoea kwenye tanuri la kuni. Mkate ulitoka mweupe, umenyong'onyea.

Mama mkwe aliutazama pande zote. "Huu mkate umeogopa nini?" aliuliza.

Shangazi Kioo alikuja kuangalia. Alisema sanduku liwekwe mahali pasipo kivuli tangu asubuhi, lipate joto kwanza, na mkate uingie jua linapokuwa kali. Sanduku ligeuzwe kulifuata jua. Na mlango usifunguliwe ovyo, kwa maana kila ukifunguliwa, joto linakimbia.

Bi Moshi alifuata yote. Safari hii mkate ulipata rangi kidogo juu, lakini chini ulikuwa mbichi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Alianza kuhesabu kichwani vitu vya kuhamisha, na mahali pa kuvipeleka hapakuwapo.

Ndipo Shangazi alipoiona mikebe. Ilimetameta juani mpaka akafumba macho.

"Nani ameing'arisha hivi?"

"Mimi," alisema mama mkwe, kifua mbele.

Bi Moshi akatazama chini. Shangazi aliomba mikebe miwili, akaupaka mmoja masizi kwa nje, akaiweka yote juani. Wakazungumza habari za watoto. Baadaye akamwomba mama mkwe aiguse kidogo kwa ncha ya kidole. Aligusa ule unaong'aa, akatulia. Aligusa ule mweusi, akauondoa mkono haraka.

"Cheusi hulimeza jua, mama," Shangazi alieleza. "Kinachong'aa hulirudisha lilikotoka."

Mama mkwe akaipuliza ncha ya kidole. "Kwa hiyo kila jioni nimekuwa nikilifukuza jua?"

"Ulikuwa na tanuri la kuni, hukuwa na haja nalo. Sasa mikebe tuipake nyeusi nje, ndani ibaki safi. Na mikono yako tunaihitaji sana. Hebu yaone haya mabati yalivyojaa vumbi."

Mama mkwe aliyaona. Akakunja mikono ya nguo yake.

Waliipaka mikebe kwa nje rangi nyeusi isiyoungua kwa moto. Ilipokauka, waliipasha moto mitupu mpaka harufu ikaisha.

Siku ya mwenye nyumba ikafika. Alikuja mchana na muuza soda nyuma yake. Muuza soda alikuwa tayari anapima kwa macho mahali pa kuweka friji.

"Umefunga biashara?" mwenye nyumba aliuliza. "Sioni moshi."

"Subiri kidogo, baba," alisema Bi Moshi.

Papo hapo wingu likapita juu ya jua. Uani pakawa na kivuli. Bi Moshi aliingiwa na hofu, mkono ukaenda wenyewe kwenye mlango wa sanduku. Mama mkwe akaudaka.

"Mkono wako, mwanangu. Joto limo ndani. Liache lifanye kazi."

Wakasubiri. Wingu likapita, mabati yakawaka tena, na harufu ya mkate ikajaa uani. Bi Moshi alipofungua, mikate ilikuwa imeumuka, rangi ya kahawia juu na chini. Aliigonga kwa kidole, ikalia kama ngoma.

Mwenye nyumba alikula kipande, akanyoosha mkono kuchukua kingine. Ndipo akakumbuka kutoa hukumu. "Chumba ni chako," alisema, mdomo umejaa. Muuza soda naye alikula, kisha akaomba awe anachukua mikate kuuza pamoja na soda zake. Hata fundi cherehani alichungulia. Alisema hakusikia harufu ya moshi, akadhani jirani yake mgonjwa.

Sasa Bi Moshi anaoka mchana na kuuza mikate ya moto jioni. Siku za mvua anatumia jiko dogo la gesi. Hanunui kuni. Kikohozi kimekwisha na macho yake ni meupe. Jina tu ndilo limebaki, na watoto wageni mtaani huuliza moshi wenyewe uko wapi.

Na mama mkwe? Kila asubuhi anasugua mabati ya sanduku mpaka wapita njia wanasimama kuchana nywele. Mikebe ameipanga dirishani, nje myeusi tititi, kila mtu aione. Mtu akiitazama kwa jicho la kuuliza, hamsubiri amalize.

"Usiishangae," humwambia. "Hiyo imevaa sare ya kazi."