Taa Yenye Macho Mekundu

Siku ya mnada wa Dutwa, mikono miwili ilishika chujio moja.

Lilikuwa chujio kubwa la bati, limelala juu ya turubai kati ya vyombo vya mtumba. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Milembe, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Bariadi, siku hiyo ndani ya gauni la kitenge cha njano lililomkaa hadi wasukuma baiskeli wakagongana. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu, shati lake la bluu limetobolewa hapa na pale na moto wa kuchomelea simu.

"Dada, achia. Nimeliona kabla hujaamka leo."

"Kaka, una mchele wa kuosha wewe?"

"Sina."

"Sasa chujio la nini?"

"Nataka kutengenezea taa."

Milembe alicheka hadi muuzaji naye akacheka. "Taa! Na sufuria utatengenezea redio?"

"Hapana. Redio natengenezea beseni," kijana alijibu bila kutabasamu. Aliligeuza chujio kwenye jua, na vitobo vikamwaga nukta za mwanga shingoni mwa Milembe. "Umeona?"

Milembe aliona. Akaachia.

"Chukua. Lakini ukimaliza, niletee nione kama hukunidanganya."

Aliitwa Dastan, fundi simu, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa tatu kutoka mgahawani. Walikuwa wakipita barabara moja kila siku bila kujuana. Tangu siku hiyo simu haikukauka.

"Leo nimempa nywele."

"Kumbe ni mtu?"

"Mtu kamili, mpenzi. Nywele ni waya wa kusugulia sufuria. Masikio ni vijiko vya chai. Shingo mwiko. Miguu yake ni kopo la maziwa nililojaza mchanga asianguke."

"Na moyo?"

"Betri ya simu iliyotupwa."

"Maskini, kapewa moyo wa jalalani!"

"Afadhali yeye. Mimi wangu umeibwa pale Dutwa, na mwizi anauza wali stendi."

Milembe alichekea ndani ya mvuke wa sufuria. Salu, mwenzake wa jikoni, akamnyang'anya mwiko. "Wali unaungua, wewe unachekelea simu. Olewa tupumzike!"

Lakini kicheko cha Milembe kilikuwa na mpaka. Kila moshi ulipozidi jikoni, alisikia kikohozi nyuma yake. Mara tatu, kikavu, cha mwanamke mzee. Hakugeuka. Miaka kumi na minane alikuwa hageuki.

Jumamosi jioni Dastan alikuja amebeba kitu kilichofunikwa khanga. Umeme ulikuwa umekatika, wateja wameondoka.

"Fumba macho, kipenzi."

Alifumba. Alipofumbua, taa ilikuwa imewaka juu ya meza. Nywele za waya zilimetameta, vijiko vikaning'inia kama hereni zilizokosea mahali. Ingekuwa ya kuchekesha. Lakini usoni Dastan alikuwa amekata matundu mawili, akayaziba na vifuniko vyekundu vya chupa za soda, na mwanga ulipopita humo macho mawili mekundu yalimkazia Milembe.

"Anaitwa Bibi," Dastan alisema kwa furaha. "Mkaribishe chakula."

Kikohozi kilisikika. Safari hii mbele yake.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Nani kakusimulia habari zangu? Mnakaa vijiweni mnanicheka?"

"Milembe, hii ni taa tu..."

"Toka, Dastan. Toka!"

Alitoka, akasahau taa. Milembe aliifungia stoo chini ya beseni, juu ya beseni akaweka tofali. Asubuhi beseni lilikuwa limesogea.

"Panya," Salu alisema.

Panya gani anasogeza tofali?

Dastan alipiga simu siku nane bila kujibiwa. Siku ya tisa, mchana, Milembe alipokea.

"Usiseme neno. Sikiliza. Bibi yangu aliitwa Domitila. Kijiji chetu kilikuwa huko ng'ambo ya Mwandoya. Alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka maisha yake yote, maana miti ilishamalizwa kupisha pamba, na moshi ukamla macho yakawa mekundu. Wanawake wote pale walikuwa na macho hayo. Ng'ombe wa mtu walipokufa, yakaonekana ya bibi peke yake. Mganga akapiga ramli, akasema ni mchawi. Saa ya ugali akaingia mtu na panga. Alimwamkia kwanza, Dastan! Akamwamkia kwa jina, na bibi akamkaribisha kula."

"Milembe..."

"Sijamaliza. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitoka nje nikapiga mwano."

Dastan alivuta pumzi. Hakuna Msukuma asiyejua ukelele ule wa hatari. Mwano ukipigwa, hata mwenye homa anatoka na fimbo, na asiyetoka kijiji kinamtoza faini.

"Hakuja mtu. Mbwa wa jirani alibweka, nikamsikia mwenye mbwa akimnyamazisha. Kesho yake wote walikuja kulia, na hakuna aliyetozwa hata kifaranga. Siku hizi wanakuja watu wa semina na fulana zao, wanasema ni kukosa elimu. Yule mwenye mbwa alikuwa mwalimu."



"Ile taa si bibi yako," Dastan alisema. "Ni mama yangu, kijijini wote humwita Bibi. Anaishi peke yake Mwamanyili, anapikia moshi uleule. Nilipokuwa mdogo nikiugua, nikiyaona macho yale gizani nilijua nitapona. Nilitaka umpende kabla hujamwona."

Milembe alikaa chini juu ya gunia la mkaa.

"Nisamehe. Majirani wanaishi naye vipi?"

"Vizuri tu. Wanamheshimu. Hata kisimani siku hizi wanampisha foleni. Akifika tu, wote wanasogea pembeni achote kwanza."

"Wanasogea pembeni?"

"Ndiyo."

"Anachota huku wamenyamaza?"

Dastan aliweka bisibisi mezani.

"Bibi walimpisha foleni mwezi mzima," Milembe alisema. "Naye alidhani ni heshima. Kesho, basi la kwanza."

Walifika Mwamanyili saa nne asubuhi. Mektilda, mama yake Dastan, alitoka jikoni akifuta machozi ya moshi, na Milembe, aliyevaa nguo zake za Jumapili, alipiga magoti vumbini kumwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Wangaluka, mayu."

"Wangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola." Kisha akamwambia yote, bila kupunguza. Dastan akamsihi mama yake ahamie Bariadi.

"Nihame kwa sababu ya macho?" Mektilda alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba yako amelala pale nyuma ya zizi. Siondoki. Wakitaka waje."

Milembe alinyanyuka. Alisimama katikati ya uwanja, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano.

Ulitoka na sauti ya mtoto wa miaka tisa. Mektilda alishika ukuta. Kwa muda shamba lote lilikuwa kimya. Kisha mlango mmoja ukafunguka. Watu wakaanza kutokea kwenye mpunga, wengine na fimbo, mwanamke mmoja na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Milembe alimtazama kila mmoja usoni, polepole, hadi wakaanza kuinamisha macho.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza mzee Ndaki, kiongozi wa sungusungu, akihema.

"Hayupo. Nilitaka kuwajua mnaokuja. Na wasiokuja."

"Binti, huo si mchezo! Mgeni hapigi mwano kwenye mji wa watu. Wewe ni nani wa nyumba hii?"

"Mke wa Dastan."

Dastan alikohoa. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una neno?"

"Mimi? Sina. Neno litoke wapi!"

Watu wakacheka, Mektilda naye akapiga kigelegele chembamba. Milembe hakucheka. Ng'ambo ya ua wa minyaa, mwanamume alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu mwano ulipopigwa, mikono mfukoni.

"Yule ni nani, mayu?"

"Bundala. Ng'ombe wake wawili walikufa juzi."

Milembe alijifunga khanga vizuri. Dastan alimshika mkono.

"Usiende peke yako, mpenzi."

"Twende wote basi. Anione na wewe."

Waliuzunguka ua hadi mlangoni. Milembe alipiga magoti.

"Wangaluka, baba. Mimi ni mke mpya wa hapo jirani. Nimekuja uniangalie vizuri, maana mimi nikishamwona mtu simsahau."

Bundala alitazama juu ya kichwa cha Milembe, akaona kijiji kizima kimesimama kinasikiliza. Ilimchukua muda mrefu kutoa mikono mfukoni.

"Wangaluka," alisema.