Zamu za Madaktari Hazikai

Walikutana dukani, penye vifaa vya kompyuta, watu wamejaa hadi mlangoni, mikono miwili ikigombea waya mmoja. Mwanaume, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akauachia.

"Chukua, mrembo. Ila namba yako naichukua mimi."

Mwanamke akacheka, akampa namba. Na huyo huyo leo anamtia kinyaa!

Mwanamke ni fundi wa tovuti. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ni ukurasa wa hospitali unaoonyesha zamu za madaktari. Yeye huandikia nyumbani. Seva, kompyuta inayobeba ukurasa huo, iko ng'ambo ya mji, na mtunzaji wake ndiye yule mwanaume wa dukani, sasa mpenzi wake. Tangu juzi, kila akihifadhi, zamu mpya hukaa kidogo, kisha za zamani zinarudi. Wagonjwa wanamfuata daktari aliye likizo. Bosi amemfokea mbele za watu: "Kesho zisipokaa, usije."

Kabadilisha nywila, kaondoa programu ya kuandikia na kuiweka upya. Wapi! Akampigia mpenzi wake.

"Mpenzi, zimerudi tena!"

"Pole, kipenzi changu. Jaribu tena, halafu unipigie. Napenda kukusikia."

Mwanamke akachoka na pole. Akabeba kompyuta yake, akamfuata kazini. Chumba kilinuka soksi, kikombe cha chai kimeota ukungu, kibodi imejaa makombo. Na kwenye skrini, lo! Faili lake liko wazi, nakala ya juzi, programu ikilihifadhi yenyewe kila mara na kufuta aliyoandika mwanamke.

"Kumbe ni wewe!"

"Nilifungua nikuangalizie tu, nikasahau."

"Umegundua lini?"

Akajikuna shingo. "Jana asubuhi."

"Jana! Na jana jioni nimekupigia nalia!"

"Ndiyo hivyo, kipenzi. Likiharibika unanipigia. Likitengemaa unapotelea kwenye kazi zako. Nilikukumbuka."

Yaani mtu mzima, na ndevu zake!

"Funga hilo faili."

Akafunga. Mwanamke akahifadhi yake palepale, amesimama, maana kiti kilikuwa kinanata. Wakasubiri. Zamu zikakaa.

"Umeona? Yameisha. Twende tukale."

"Nile na wewe? Nikikuangalia tu nataka kutapika."

"Sasa utanipigia lini?"

"Kwa lipi tena? Zamu zimekaa."

Mwanamke akashuka ngazi mbio. Simu ikaita, jina la mpenzi likawaka; akaikata, akampigia bosi kumwambia kazi imekamilika. Ikaita tena, ni yule yule. Alitamani kuipokea, alitamani mno, na hilo ndilo lililomchefua kuliko makombo na soksi zote za kule juu.