Kila Mnachokiona Kinauzwa

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote kwenye kibanda changu cha ushonaji. Nilikuwa nalegeza kiuno cha sketi ya mwalimu mmoja aliyenenepa likizoni na hataki kuambiwa. Mdogo wangu alikuwa kona ya nyuma, anajipodoa mbele ya taa yake ya duara. Kona ile nilimpa mimi mwenyewe. Alitundika shuka jeupe ukutani, akasimamisha simu kwenye stendi, na kila mchana, watu wanaposinzia baada ya kula, anaingia laivu mtandaoni kuuza magauni.

Biashara ile ina utaratibu wake. Anavaa gauni, anataja bei, na anayeandika "Nachukua" wa kwanza, gauni ni lake. Kazi yangu ilikuwa ya siri. Gauni likimpwaya, nalivuta kwa nyuma na kulibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, ili kwa mbele limkae kama alizaliwa nalo. Kwa hiyo hageuki kamwe. Mbele malkia, nyuma kamba ya nguo! Tulikuwa tunacheka mpaka machozi yanatutoka, na sikuona ubaya wowote.

Tatizo ni kwamba wanunuzi hawakuja. Watazamaji walikuwa wachache, nusu yao binamu zetu wanaotuma makopakopa na hawanunui hata kitambaa cha jasho. Mdogo wangu alikuwa halali vizuri kwa kuwatazama wenzake waliotoboa. Siku hiyo akamleta mama mmoja.

Walimwita Mama Mvuto. Eti anafundisha wauzaji wa mtandaoni namna ya kupendwa. Nilimchukia tangu aliponipa mkono. Mkono ulikuwa umelegea, una unyevunyevu, na alipouachia, wangu ulibaki unanuka nyama iliyolala. Akatoa kwenye pochi kichupa cha mafuta mazito, rangi yake ya usaha, na ndani yake vinaelea vinyweleo.

"Tone moja kwenye kioo cha kamera," alimnong'oneza mdogo wangu. "Watataka. Hawatajua kwa nini, lakini watataka." Akachovya kidole, akakilamba taratibu huku ananitazama. "Sharti ni moja. Unachouza ukishike au ukivae, ukitaje kwa jina. Usije ukawaambia kwamba kila wanachokiona kinauzwa."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu wanaona sana."

Nilimwambia mdogo wangu atupe uchafu ule jalalani. Aliniambia, "Sawa, dada." Mchana akaupaka.

Magauni yaliisha yote. Hata lile la kijani, la kola pana kama sahani, ambalo lilikuwa limekaa mpaka tukaanza kulisalimia, liligombaniwa. Siku iliyofuata wateja wangu wakaanza kuingia kibandani wakitaka kijani, kola pana. Mwalimu wa sketi naye akaja.

"Mwalimu, si ulisema kijani kinakufanya uonekane mgonjwa?"

"Nakitaka tu," alisema. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni. Akayameza. Nikatazama foleni nyuma yake na kuona wote wanameza mate, mama wazima, koo zinapanda na kushuka. Nikajifanya natafuta uzi chini ya meza.

Kosa lilikuja mchana mmoja ambapo bidhaa ziliisha na watazamaji bado wamejaa. Kila muuzaji ana ulevi wake, na wa mdogo wangu ulikuwa ile namba inayopanda pembeni ya kioo. Hakuweza kuwaacha. "Msiondoke, wapenzi wangu!" alisema kwa ile sauti yake ya asali. "Leo nimechangamka. Kila mnachokiona hapa kinauzwa!"

Mkasi ulinidondoka. Maoni, ambayo yalikuwa yanatiririka bila kupumzika, yakasimama. Kisha likaja moja.

"Kucha. Nachukua."

Mdogo wangu alicheka. Alidhani ni utani.

Asubuhi alikuja kibandani amefumbata mikono. Nikamlazimisha aifungue. Kucha hazikuwepo. Zilikuwa zimebanduka kama maganda ya karanga, bila damu, na mahali pake pamebaki nyama nyeupe, laini, inayoteleza. Nilikimbilia nje nikatapika.

"Futa ile akaunti," nilimwambia niliporudi. "Sasa hivi."

"Dada, lakini umeiona idadi ya watazamaji?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake! Nilinyakua simu nikasugua kioo cha kamera kwa spiriti. Kikatakata. Halafu yale mafuta yakatoka upya, tonetone, kama jasho. Nikaificha simu kwenye kabati la vitambaa na kufunga kwa ufunguo. Mchana nilimkuta amevunja kabati, amekaa mbele ya taa, anacheka na watu wake.

Nywele zikaenda. Akavaa wigi, akaendelea. Kope zikaenda, akabandika za dukani. Kisha mtu akaandika, "Meno. Nachukua," na kesho yake mdogo wangu alifungua mdomo mbele yangu, na ndani palikuwa pekundu na patupu kama mdomo wa mtoto mchanga. Mama yetu alimpelekea maji, akauona, glasi ikamponyoka. Alimwomba kwa machozi aache. Mdogo wangu alimjibu kwa ufizi kwamba wafuasi wake wanamsubiri.

Nitasema lililonichukiza kuliko yote. Walikuwa wanamshukuru. "Mzigo umefika, uko vizuri sana," wanaandika. "Mzigo umefika, nitaagiza tena." Hakuna hata mmoja aliyeuliza yeye anaendeleaje.

Mgongo wake tu ndio hakuna aliyeweza kuuagiza. Niligundua nikimbana gauni, maana niliendelea kumbana, nilikuwa naogopa kumwacha peke yake na watu wale. Mgongo ulikuwa na joto, una jasho, ni wa mdogo wangu niliyembeba utotoni. Kamera haikuwahi kuuona.

Siku ile ya mwisho hakutaja gauni wala bei. Alikaa tu. Joto lilikuwa kali, nzi wanazunguka taa. Nilichungulia kioo cha simu.

"Macho," mtu aliandika.

"Mimi ndiye wa kwanza kuyaona," akaandika mwingine.

"Macho yale mazuri. Niachieni mimi."

Mdogo wangu hakusogea. Alitabasamu. Alikuwa amewafumbulia macho wazi, wayaone vizuri.

Nilipiga kelele. Hakusikia. Nilivuta stendi. Haikung'oka. Sharti lilikuwa moja, na utaratibu ulikuwa mmoja, na kati yao hakuna aliyekuwa ameandika "Nachukua" bado. Nikatoa simu yangu. Niliingia kwenye maoni yale, katikati ya watu wale, nikaandika kama wao.

"Vyote vilivyobaki. Nachukua."

Taa ya duara ikazimika. Simu yake ikazimika. Mdogo wangu akageuza shingo polepole, akaniangalia kwa macho yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mafuta hakuangalia namba.

Tangu hapo ni wangu. Nasema hivyo na neno lenyewe linanichefua. Nikimwambia ale, anakula. Nikimwambia alale, analala hata akiwa wima. Hataki kitu. Anashinda kibandani, miguu pamoja, anaitazama sindano ikipanda na kushuka. Na kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha, ananiuliza kwa sauti ile ile ya asali, "Mteja wangu mpenzi, umeridhika na mzigo wako?"

Nami najibu, "Nimeridhika."

Jana nilichoka. Alikuwa amedondosha mate kwenye gauni la bi harusi, uzi mrefu wa mate, mzito, mbele ya macho yangu. Akaniuliza swali lake. Nikamwona alivyo, ufizi ule, kichwa kile kitupu, na nikamchukia kwa roho yangu yote.

"Hebu niondokee hapa!" nilisema.

Hodi ikapigwa palepale.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti changamfu ya kiume nje ya mlango. "Nimekuja kuchukua mzigo unaorudishwa."

Mdogo wangu alisimama. Alianza kuvaa viatu.

Nilimrukia, nikamkumbatia, mikono yangu yote mgongoni kwake. "Nimeridhika!" nilipiga kelele. "Nimeridhika naye! Nimeridhika!"

Sikusikia hatua za mtu akiondoka.

Nilipofungua mlango, mkono mmoja nimemshika mdogo wangu, hapakuwa na mtu, ila boksi limewekwa kizingitini, refu, liko wazi, limetandikwa kitambaa laini ndani. Urefu ni wa mdogo wangu. Upana wa mabega ni wake, sikuhitaji futi kulijua hilo. Niliingiza mkono ndani. Palikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia sasa hivi.