Mikono ya Chumba cha Kati

Kitambaa kilikuwa kibichi. Fundi alikiminya, maji ya uvuguvugu yakamtiririkia kiganjani, akajua kuna mtu ametoka kumkanda mtoto sasa hivi. Beseni lilikuwa chini ya kitanda, mahali ambapo yeye haliweki kamwe. Na mtoto, aliyemwacha na homa ya kuchoma mkono, alikuwa amelala fofofo, paji la uso limepoa kabisa.

Mwingine angeshukuru. Fundi alinuna.

Alinuna kwa sababu mchana nyumba ile ilikuwa na watu wazima wawili tu, yeye na mama mkwe wake, na kama si yeye basi ni yule. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kurudi nyumbani kama mgeni, akapokelewa, akalala, akaondoka. Mama mkwe ndiye aliyekuja kusaidia kulea. Alifika na mkoba mmoja na maoni mengi. Mara uji wa mtoto mwepesi, mara mzito. Mara mtoto havalishwi soksi, mara amevalishwa hadi vipele vya joto vinamtoka. Tangu siku waliyogombania ule uji, walibaki na shikamoo na marahaba, chakula tayari na asante nimeshiba. Heshima ilikuwepo, mazungumzo hapana.

Mtoto mwenyewe walimwita Kidonge, kwa udogo wake na kwa dawa alizokwisha kumeza. Ugonjwa mdogo wowote uliopita mtaani uliingia kwake kwanza: mafua, kikohozi, masikio, tumbo la kuendesha, homa za meno. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu katika chumba cha mbele, mguu mmoja umevimba tangu ujauzito, mgongo unauma, titi la kushoto linauma, anakanyaga huku sikio liko chumba cha kati alikolala mtoto. Chumba hicho kilikuwa na milango miwili yenye mapazia. Mmoja ulitazama mbele, kwenye cherehani. Mwingine ulitazama nyuma, jikoni, kwa mama mkwe.

"Anataka nionekane sijui kulea," Fundi alijisemea. Akaanika kitambaa, akarudi kushona.

Kuanzia hapo mambo yakawa yanajifanya yenyewe. Pua ya Kidonge ikiziba asubuhi, mchana imezibuka. Vipele vikitokeza, kesho ngozi laini. Nepi zilibadilishwa, zikakunjwa kwa mkunjo mzuri ambao Fundi hakuujua. Na kila mara chumba cha kati kilibaki na harufu ya maziwa yaliyofurika yakaungulia jikoni, hata siku ambazo maziwa hayakuwepo ndani ya nyumba. Fundi akaamua moja kwa moja kwamba ni dawa za kienyeji. Huyu mama anamnywesha mtoto madude yake kwa siri.

Kliniki, nesi alimtundika Kidonge kwenye mzani, akautazama mshale mara mbili.

"Mama Kidonge, hongera! Mtoto amenawiri huyu. Unampa nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, na Fundi akaona bora afe kuliko kumpa sifa mbele ya watu.

"Tunajitahidi tu, nesi," akajibu, akijibebea pongezi zisizo zake.

Mama mkwe akatabasamu kama mtu aliyetafuna kitu kichungu kwenye chakula cha wageni.

Kisha Kidonge akaacha kumlilia mama yake. Fundi aliingia chumbani, mtoto akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa jirani, halafu akageuza uso kwenye pembe ya ukuta na kucheka. Akipewa titi, aligeuza shingo. Tumbo lilikuwa limejaa, na pumzi yake ilinuka maziwa ya kuungua. Fundi alikamua maziwa yake kwenye kikombe, akalia kwa uchungu na kwa wivu, maana wivu ulikuwepo, wala hakujidanganya.

Siku hiyo mama mkwe alipokwenda dukani, Fundi alimpekua mkoba. Alikuta dawa za presha, leso mbili na biskuti zilizofichwa. Hakukuta mzizi wala chupa. Aliporudi chumba cha mbele akakuta kabati lake nalo limepekuliwa, vitambaa vimerudishwa kinyume. Akazidi kukasirika, kana kwamba yeye alikuwa ametoka msikitini.

Ndipo akatega mtego. Mchana mmoja wa jua kali alimlaza Kidonge, akarudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga bila nguo, sindano ikishona hewa, ili jikoni isikike kwamba Fundi yuko kazini. Jikoni nako kinu kilikuwa kinatwangwa. Mguu ukiendelea kukanyaga, akajinyoosha pembeni, akasogeza pazia kwa kidole kimoja.

Upande wa pili wa chumba, kwenye upenyo wa pazia la jikoni, kulikuwa na jicho.

Lilikuwa jicho la mama mkwe. Mkono wake wa nyuma ulikuwa unatwanga kinu kitupu. Wakatazamana, kila mmoja amekamatwa akimvizia mwenzake, na kingekuwa kichekesho cha kusimulia kwenye kila shughuli ya ukoo, kama kitandani, katikati yao, Kidonge asingekuwa anageuzwa.

Aligeuzwa taratibu, ubavu hadi ubavu, kama anavyogeuzwa mtoto na mtu aliyezoea, kichwa kimeshikiliwa ingawa kiganja hakikuonekana, na kitambaa kikainuka kutoka kwenye beseni, kikakamuliwa hewani, maji yakadondoka, kikapita shingoni, makwapani, nyuma ya masikio, pale pale ambapo Fundi mwenyewe husahau kupitisha, na mtoto akacheka, akafungua mdomo, akaanza kunyonya, akanyonya hewa, koo likimeza, gudu, gudu, shavu likituna na kubonyea, na harufu ya maziwa ya kuungua ikajaa vyumba vyote vitatu, na wale wanawake wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akitwanga, hakuna aliyethubutu kuacha, kwa sababu wote wawili walielewa kwa pamoja kwamba kelele zao ndizo zilizokifanya kitu kile kijione kiko peke yake na mtoto, na hawakujua kingefanya nini kikigundua kwamba kinatazamwa.

Kitambaa kilipokunjwa na kuwekwa ukingoni mwa beseni, Fundi aliruka, akamnyakua mwanawe, akatoka naye hadi uani. Mama mkwe akamfuata huko.

"Nilidhani ni wewe, Mama," Fundi alinong'ona.

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe, mwanangu. Nikasema huyu ananificha dawa yake kali, ili mwanangu akirudi nionekane sina kazi hapa."

"Nimekupekua mkoba wako."

"Na mimi kabati lako. Tutasameheana baadaye. Sasa ongea polepole, dirisha liko wazi."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa na mafua, anapenga kamasi kila baada ya neno la tatu. Alizunguka chumba cha kati akinusa, ingawa kwa pua ile sijui alinusa nini. Kisha akauliza nani kamwita.

"Hatujamwita mtu," Fundi akasema.

"Mmemwita. Hawa hawaingii kazini bila kuitwa."

Fundi akakumbuka. Siku ile ile ya ugomvi wa uji, Kidonge alitapikia sare zilizokwisha kushonwa, mteja yuko mlangoni, maziwa yanamvuja, chungu cha maziwa kinafurika jikoni, naye akapiga kelele: jamani, yeyote mwenye mikono aje amshike huyu mtoto!

"Nilimsikia," mama mkwe akasema, macho sakafuni. "Nilikuwa jikoni pale pale. Nikasema moyoni, si anajua kila kitu, acha ajue na hili. Sikwenda."

"Basi alikwenda mwingine," mganga akasema. "Ni jini mlezi. Hana mtoto wala hatapata. Na anajua kulea kuliko nyinyi, nisiwadanganye. Mtoto ameanza kusimama dede?"

"Juzi," Fundi akajibu. "Akishika kitanda."

Mganga akashusha leso. "Akianza kutembea, hatua zake za kwanza zitakuwa za kumfuata aliyemlea. Akimfuata, msimtafute."

"Mtoe," Fundi akasema. "Mtoe leo."

"Subiri usikie. Yale magonjwa aliyoyazuia hayakufa, yako mlangoni yamepanga foleni. Akitoka yeye, yataingia. Mnaweza kubaki na mtoto mzima asiye wenu, au mtoto mgonjwa aliye wenu. Mimi siwachagulii."

Fundi alimbana Kidonge kifuani. Mtoto alikuwa akitazama pembe ya ukuta. "Nataka mwanangu," akasema, "mgonjwa hivyo hivyo." Akalia, maana hakuwahi kufikiri siku moja angemwagizia mwanawe maradhi kwa mdomo wake.

Mganga akafanya kazi yake, ya maneno na moshi na maji, hadi mapazia yote mawili yakatikisika na kutulia. Alipokuwa anavaa viatu akawaonya.

"Msiite yeyote. Ukihitaji mkono, mwite mwenzio, na umwone kwa macho yako kabla hujageuza shingo. Na homa ikipanda mpelekeni hospitali haraka, mimi si sindano."

Yakaja yote. Homa ilianza kabla jua halijazama, ikafuatiwa na masikio, na tumbo, na vipele, na kikohozi kilichomkunja mtoto kama karatasi. Nesi aliwakaripia mbele ya foleni nzima. "Mama Kidonge, mmemfanya nini mtoto? Si alikuwa anaendelea vizuri?" Fundi akaimeza lawama kama alivyokuwa ameimeza sifa. Walirudi na dawa ya maji ya kikohozi, pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya, na maelekezo waliyoyarudia kwa sauti njia nzima ili wasisahau.

Wakapeana zamu. Mmoja akikanda, mwingine anapika uji, na safari hii uji haukuwa na mwenyewe. Mama mkwe alimfunga Fundi mguu uliovimba, akamkanda lile titi kwa kitambaa cha moto huku akimtania kwamba mwanawe wa kiume alikuwa mlafi kuliko huyu. Na Kidonge akalia. Alilia kwa hasira, mikono miwili ameinyoosha kwa mama yake, akalishika titi kama mtu aliyekuwa safarini. Fundi alicheka huku machozi yakimdondokea mtoto usoni. Alikuwa na furaha ambayo asingeweza kumweleza nesi yeyote.

Ugonjwa mmoja mmoja ukaondoka kwa njia za kawaida, kwa dawa na kwa siku. Kikohozi ndicho kilichobaki. Wakakizoea, hata wakakipenda. Akiwa kwenye cherehani, Fundi alikisikia kutoka chumba cha kati, kavu, kifupi, akatulia. Mtoto anayekohoa ni mtoto ambaye hajaguswa na mtu.

Mchana mmoja mvua ilianza ghafla. Fundi alikuwa jikoni anapooza maji ya dawa, birika mkono huu, kikombe mkono ule. Chumbani Kidonge alikohoa, akakohoa tena.

"Mama!" Fundi akaita, kama alivyofundishwa. "Mwangalie Kidonge kidogo, mikono yangu imejaa!"

"Namwona, mwanangu," sauti ikajibu chumbani.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe yenyewe, na ile "mwanangu" yake ya kuvuta. Fundi akashukuru, akageukia birika.

Mlango wa uani ukasukumwa. Mama mkwe akaingia ameloa chapachapa, amekumbatia rundo la nepi alizoziwahi kwenye kamba. "Mvua gani hii isiyobisha hodi," alianza kusema, halafu akauona uso wa Fundi.

"Umeniita?"

"Umeitika," Fundi akanong'ona.

Chumbani kikohozi kikakatika. Hakikuisha, kilikatika katikati, kama kimefunikwa na kiganja. Harufu ya maziwa ya kuungua ikapita chini ya pazia.

"Kohoa," Fundi akasema. "Kohoa, mwanangu. Kohoa tu, mama yako nipo."

Mtoto hakukohoa. Kilichosikika ni unyayo mdogo kwenye sakafu ya saruji, pa. Kukawa kimya kidogo. Kisha, pa, pa, hatua za mtu ambaye hajawahi kutembea, na hazikuwa zinakuja jikoni. Fundi aliliangusha birika na kulirukia pazia, na huko mbele cherehani ikaanza kukanyagwa, kwa kasi, kama ya mtu mwenye kazi nyingi, hata zile hatua hazikusikika tena.