Kobe wa Kozue na Historia ya Bwawa

Kila Jumamosi asubuhi Kozue, mwanafunzi wa darasa la sita, humsindikiza bibi yake, Fumie, kununua tofu, jibini laini ya soya, wakipita kando ya bwawa la bustani. Jumamosi hii hawakwenda dukani. Maji ya bwawa yalikuwa yametolewa yote, kama ilivyo desturi kila baada ya miaka kumi, na mtaa mzima ulikuwa matopeni, umevaa mabuti, ukilisafisha.

Mchana Kozue angewasomea watu historia ya bwawa hilo. Aliiandika mwenyewe. Wakulima walilichimba kwa majembe wapate maji ya mpunga. Mashamba yakageuka nyumba, bwawa likabaki katikati ya bustani. Mstari wa mwisho ulisema samaki wa asili wameliwa na kobe wa majini wa kigeni, waliotupwa humo na watu wasiojali.

"Kozue, hebu njoo," aliita rafiki yake Nagisa, ameinua kobe mpana kama sahani. "Huyu kachorwa nyota mgongoni kwa rangi ya kucha. Sijui alikuwa anakwenda harusi ya nani."

Watu wakacheka. Nyota ile nyekundu aliichora Kozue mwenyewe, miaka mitatu nyuma, kobe akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Kobe alipokua na kuanza kunuka, Kozue alimwachia humu bwawani, kisha akamwambia Bibi kwamba ametoroka.

Wakati wa kusoma ulipofika, alisoma vizuri mpaka mstari wa mwisho, akakwama. Angeweza kuumalizia tu, na hakuna ambaye angejua.

"Niliandika watu wasiojali," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja wao ni mimi. Kobe mwenye nyota ni wangu. Bibi, hakutoroka. Nilikudanganya."

Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kisha muuza tofu akainua mkono taratibu. "Mimi niliwatupa wawili," alisema. Mkono mwingine ukainuka nyuma yake.

"Siku mbili nilitambaa chini ya sakafu za nyumba za watu kumtafuta, we mtoto," alisema Bibi Fumie. "Babu yangu alilichimba bwawa hili. Lakini historia yake si ya waliochimba tu, na sisi tuliolichafua tumo. Ulipolisema kosa lako, wengine nao wamesema, na sasa tunajua pa kuanzia kurekebisha. Uandike upya mstari huo."

Akamkabidhi ndoo yenye kobe.

"Na huyu tunarudi naye nyumbani. Harufu yake utaizoea."