Maji ya Athanas

Jirani yangu Anselmi ni fundi umeme wa magari pale Kwa Mathias, Kibaha, na si mtu wa kupenda hadithi. Hii alinisimulia mara moja tu, mchana, huku akimenya chungwa.

Laurensia, karani wa kiwanda kimoja Zegereni, alimletea gari la mumewe asubuhi ya Jumamosi. Linachemsha, feni ya rejeta haizunguki. Mwaka jana mumewe, Athanas, alikwenda nalo kwao Mzenga. Lilikutwa njiani, boneti wazi, injini bado ya moto. Yeye na dumu lake la njano hawakuonekana tena. Ndugu zake wakasema mke amemfanya msukule, amemficha amtumikishe. Wakambakisha mtoto wao, Blessing, kwa bibi yake. Jumamosi hiyo kulikuwa na kikao cha ukoo huko Mzenga. Asipofika, mtoto ndiyo basi.

"Nisisimame njiani, kaka. Hilo tu," alisema, kama anayeagiza chumvi dukani.

Anselmi alianza na fyuzi. Nzima. Rilei, nzima. Akachomeka taa ya kupimia kwenye soketi ya feni: ikawaka. Akaipeleka feni moja kwa moja kwenye betri: ikazunguka. Akairudisha kwenye soketi yake: kimya. Akasukuma pangaboi la feni kwa bisibisi. Likagoma, kisha likamrudishia nguvu taratibu, kama mkono unaokataa kuachia.

Akafanya wanavyofanya mafundi wote wa barabara ile. Akaifunga direkti.

"Ukiwasha gari tu, na yenyewe inazunguka."

"Twende wote."

"Dada, mimi nina wateja."

"Twende, kaka."

Wakaenda. Kisarawe mjini walipita vizuri. Wakaingia barabara ya vumbi ya Mzenga, miti ikasogea karibu. Feni ikanyamaza. Mshale wa joto ukapanda. Laurensia akaegesha kabla hajaambiwa.

"Ni hapa," alisema.

Anselmi akafungua boneti. Akapima. Taa ikawaka. Umeme upo. Feni imesimama. Akagusa pangaboi. Mvuke ulikuwa unamuunguza usoni, lakini pangaboi lilikuwa baridi.

"Tuna maji?" aliuliza.

"Hatuna."

Akageuka kutazama kama kuna nyumba jirani. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na ndege. Nyuma ya gurudumu palikuwa na dumu la njano. Limejaa. Linatoa jasho. Wakati wanashuka halikuwepo.

Anselmi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari.

Laurensia alilitazama dumu lile muda mrefu.

"Amechelewa," alisema.

Injini ilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, akamimina maji yote. Dumu tupu akalirudisha palepale nyuma ya gurudumu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Feni ikaanza kuzunguka. Ufunguo wa gari Laurensia alikuwa ameushika mkononi.

Wakaendelea mpaka Mzenga.

Uwanjani viti vilikuwa vimepangwa, vitupu. Mama mkwe, Imakulata, alikuwa amesimama mlangoni na begi la mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akanong'ona, "Mchukue mwanao. Kikao nimekivunja."

"Kwa nini, mama?"

"Amepita hapa asubuhi. Kasema mkichelewa tusikulaumu, gari linachemsha, anakupelekea maji." Akafuta midomo kwa kanga. "Sikumuuliza anaishi wapi. Niliogopa atanijibu."

Pembeni ya mguu wake, kwenye saruji, palikuwa na duara la maji lenye ukubwa wa kitako cha dumu.

Laurensia alimpakia Blessing. Walirudi Kibaha bila kusimama.

Nilimuuliza Anselmi anaamini nini. Akasema haamini kitu, yeye hupima tu. Lakini gari lile bado linakuja kwake kukaguliwa, na kwenye pangaboi, upande wa ndani ambako mkono wa mtu haupiti bila rejeta kufunguliwa, kuna alama nne za vidole, za udongo mwekundu. Amezisugua kwa petroli.

Kila likija, udongo ni mbichi.