Wavu wa Shaba

Jumamosi ile soko la Derb Ghallef lilikuwa limefurika watu, na Driss alikuwa ameshaishika maikrowevu kwa upande mmoja alipohisi mtu anaivuta kwa upande wa pili.

"Iachie, kaka. Nimeshapatana bei."

"Umepatana na nani, bibie? Nimeishika kabla hujafika."

Aliyekuwa anavuta alikuwa msichana mrefu mwenye skafu ya kijani na jaketi la jinzi, bisibisi imechomoza mfukoni. Mdomo wake uligomba lakini macho yalikuwa yanacheka, na hilo Driss aliliona mara moja.

"Dada yangu kajifungua, anataka kupashia maziwa," alisema Driss. "Na wewe una mtoto?"

"Nina majaribio. Nataka utumbo wake tu."

"Utumbo! Maskini, mashine ya watu imekukosea nini?"

Mwuzaji alicheka, akatoa nyingine chini ya meza, kisha akazipandisha bei zote mbili bila haya. Wakaishia kunywa chai ya mnanaa wakiwa wamesimama, katikati ya kelele za wauza simu. Hapo ndipo walipogundua kwamba wanafanya kazi kiwanda kimoja kule Nouaceur, kinachotengeneza vipande vya ndege. Driss alikuwa fundi wa kutandika nyuzi za kaboni zenye gundi, tabaka juu ya tabaka, kabla hazijaingia kwenye joko la presha. Msichana alikuwa mhandisi mpya, anaitwa Widad.

"Kumbe ndiwe uliyekuja na lile tanuri la mawimbi, ile maikrowevu kubwa!"

"Ndimi. Joko lenu linakula saa nane kuivisha gundi. Langu, saa moja."

"Haya, makubwa. Mimi shabiki wa Raja damu damu, halafu nanywa chai na mtu mwenye jina la timu ya mahasimu. Uwanjani watanifukuza."

"Basi niite injinia."

Hakumwita injinia. Baada ya wiki mbili alikuwa anamwita roho yangu, na simu zao zilikuwa hazina kichwa wala miguu.

"Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utashinda na njaa, maana nakata."

Lakini Widad hakukata. Alicheka, kisha akaeleza kilichokuwa kinamsumbua. Alhamisi wanunuzi wa vipande wangekuja kuangalia tanuri. Kipande kikiharibika mbele yao, tanuri lingefungwa na mkataba wa Widad ungeishia hapo.

"Nitandikie wewe," aliomba. "Wenzako wananitazama kama nimekuja kuwaibia kazi."

Kijana wa watu alitandika kwa moyo wote. Alilainisha kila tabaka kwa mikono yenye glavu, hata kiputo kimoja cha hewa hakikubaki. Alipofika mwisho akatazama mchoro, akashtuka. Wavu wa shaba haumo! Kwa miaka saba hakuna kipande cha mbawa kilichopita mikononi mwake bila wavu ule mwembamba juu yake, wa kuikinga ndege na radi. Akadhani Widad amesahau. Kumwuliza aliona ni kumwaibisha. Basi akautandika kimyakimya, akapiga muhuri wake wa fundi, akafurahi kwamba amemsitiri mpenzi wake.

Alhamisi, tanuri lilipowashwa, haikupita dakika mbili. Cheche zilirukaruka nyuma ya kioo, moshi ukajaa, na wanunuzi wakarudi nyuma wakijiziba pua. Widad alikikwangua kipande kilichoungua na kuona shaba. Hata mtoto mdogo anajua metali haiingii katika maikrowevu! Chini yake, muhuri wa Driss.

Alikwenda mbio hadi ukumbi wa joko. Huko alimkuta Driss kazungukwa na wenzake, wanampiga mgongoni.

"Kidume! Umetuokolea mkate wetu!"

"Widad, ngoja, sikujua..."

"Miaka saba, na hukujua? Tangu siku ya chai walikutuma, sivyo?"

Aliondoka, na simu za Driss akakataa kupokea. Driss aliumia, tena aliumia sana, maana kila aliyepita alimpongeza. Angenyamaza tu, angebaki shujaa.

Jumatatu meneja aliwaita wote kutangaza kwamba tanuri linafungwa. Driss akasimama.

"Tanuri halina kosa. Mimi niliongeza wavu ambao haukuwa kwenye mchoro. Nilidhani injinia kasahau, na sikumwuliza."

Ukumbi ulinuna. Meneja alimnyang'anya muhuri kwa mwaka mzima, kwa hiyo fundi wa miaka saba akarudi kuwa msaidizi. Wenzake hawakumpa hata nafasi mezani wakati wa chakula. Lakini Widad akapewa jaribio la pili.

Widad alimfuata Driss pale alipokuwa anakula peke yake, koti lake jeupe halijafungwa vifungo, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniuliza, Driss?"

"Niliogopa utaona nakudharau."

"Mjinga wewe. Ningekucheka, halafu ningekueleza kwa nini wavu niliuacha makusudi."

"Basi nicheke sasa."

Alijaribu, akalia. Driss akampa leso ya karatasi, na yeye mwenyewe akahitaji ya pili.

Kipande cha pili walikitandika pamoja, Widad akisaini, Driss akisaidia. Wanunuzi walisimama mbali kidogo safari hii. Saa moja baadaye mlango ulifunguliwa na kipande kikatoka cheusi, kimenyooka, kinang'aa. Widad alikigonga kwa kidole, kikalia vizuri, naye akajiegemeza ukutani.

"Nina swali," alisema Driss.

"La wavu?"

"La kwetu. Nataka kumleta mama yangu kwenu kuposa, lakini mara hii nauliza kwanza."

Widad alivua glavu taratibu, moja kisha nyingine.

"Ijumaa," akasema, "baba yangu huwa nyumbani."